Udhibiti wa jeni za himoglobini

Udhibiti wa jeni za himoglobini ni namna mwili wa binadamu na wa mamalia wengine unavyoamua ni jeni ipi ya himoglobini itumike, wakati gani, katika seli zipi na kwa kiasi gani. Himoglobini ni protini iliyomo ndani ya seli nyekundu za damu. Ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni na ndiyo inayoipa damu rangi yake nyekundu. Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya aina moja, na baada ya kuzaliwa mwili huizima jeni ya aina hiyo na kuwasha nyingine. Badiliko hilo ni mojawapo ya mifano iliyochunguzwa zaidi ya jinsi seli za mamalia zinavyotawala jeni zao na utengenezaji wa protini.

Katika Afrika Mashariki jambo hili si la maabara tu. Ugonjwa wa selimundu hutokana na kosa katika jeni ya himoglobini ya mtu mzima. Kwa sababu hiyo mtoto aliyeurithi huzaliwa akionekana mzima kabisa, na huanza kuugua pale jeni ya tumboni inapozimwa. Mama wa Biharamulo au Ngara, mkoani Kagera, anayesema kwamba mwanawe "alikuwa mzima mpaka alipofika miezi sita" anaeleza kwa usahihi tukio linalotokea ndani ya kromosomu namba 11.

## Kutoka jeni hadi protini

Karibu kila seli ya mwili ina nakala kamili ya DNA ya mtu mzima wote. Seli ya ini ina jeni ya himoglobini, na seli ya ngozi vilevile, lakini hazitengenezi himoglobini hata kidogo. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, na kinachoitofautisha seli moja na nyingine si jeni ilizo nazo bali zile inazozitumia.

Ili protini itengenezwe, maelekezo ya jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe ndani ya kiini cha seli. Hatua hiyo huitwa unukuzi. Nakala hiyo hukatwa sehemu zisizohitajika, huunganishwa, kisha hutoka nje ya kiini na kusomwa na ribosomu, ambazo huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Hatua hii ya pili huitwa utafsiri. Seli inaweza kuzuia au kuharakisha kazi katika kila hatua: kabla ya unukuzi, wakati wa kukata na kuunganisha nakala, kwa kuivunja nakala mapema au kuihifadhi muda mrefu, kwa kuwasha au kuzima ribosomu, na hata baada ya protini kukamilika.

Udhibiti mwingi hufanyika mwanzoni. DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia urefu wa mita 2 hivi, nayo hukaa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye vigurudumu. Mahali ilipokazwa sana, jeni haisomeki. Mahali ilipolegezwa, protini dhibiti huweza kuifikia. Protini hizo hutambua mfuatano mfupi wa herufi za DNA, hushikamana nao, na kuita au kufukuza mitambo ya unukuzi. Katika seli zinazokuwa seli nyekundu za damu, protini dhibiti iliyo kuu ni GATA1. Bila hiyo seli nyekundu hazikomai.

## Mpangilio wa jeni

Molekuli moja ya himoglobini ina minyororo minne: miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina nyingine. Jeni za alfa ziko kwenye kromosomu namba 16. Jeni za minyororo ya aina ya pili zimepangana kwenye kromosomu namba 11: epsiloni, gama mbili, delta, na mwishoni beta. Ajabu ni kwamba zimepangwa kwa utaratibu uleule zinaotumiwa katika maisha. Epsiloni huwaka katika wiki za kwanza za mimba, gama hufuata kwa kipindi chote kilichobaki cha ujauzito, na beta hutawala baada ya kuzaliwa. Delta haifanyi kazi kubwa wakati wowote.

Mahali pa kutengenezea damu pia huhama. Kwanza ni mfuko wa kiini ulio nje ya kiinitete, kisha ini la mtoto aliye tumboni, na mwishowe uboho wa mifupa.

Mbele ya safu hiyo ya jeni kuna eneo la DNA ambalo lenyewe halina maelekezo ya protini yoyote, lakini likikosekana jeni zote za safu hunyamaza. Eneo hilo liko makumi ya maelfu ya herufi mbali na jeni ya beta. DNA hujikunja na kutengeneza kitanzi, na eneo hilo dhibiti hugusana na jeni moja kwa wakati. Wakati wa mimba hugusana na gama. Kwa mtu mzima hugusana na beta. Kwa hiyo jeni hizo hushindania mguso mmoja, na ile inayozuiwa huiachia nafasi jirani yake.

Jeni za alfa na za beta ziko kwenye kromosomu tofauti, ila mazao yake lazima yalingane. Mnyororo wa aina moja ukizidi, huganda na kuiharibu seli. Hali hiyo huitwa thalasemia. Aina nyepesi ya thalasemia ya alfa ni ya kawaida sana kwenye pwani ya Kenya, na utafiti uliofanyika Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha jambo lisilotarajiwa: thalasemia ya alfa peke yake hukinga dhidi ya malaria kali, kuwa na jeni moja ya selimundu peke yake pia hukinga, lakini mtu aliyerithi zote mbili hupoteza karibu kinga yote.

## Kiwanda kisicho na kiini

Mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, na kila moja hubeba molekuli za himoglobini milioni 270 hivi. Mamalia hufanya kazi hiyo kwa njia ya pekee. Seli nyekundu inapokaribia kukomaa hukitupa nje kiini chake, pamoja na DNA yote. Ndege, nyoka na samaki hawafanyi hivyo. Seli nyekundu ya kuku ina kiini mpaka inapokufa.

Baada ya kukitupa kiini, seli changa haiwezi tena kunakili jeni yoyote. Hata hivyo huendelea kutengeneza himoglobini kwa siku moja au mbili, kwa sababu RNA mjumbe za himoglobini ni ngumu kuvunjika kuliko nyingi nyingine. Seli iliyokomaa haina kiini, haina ribosomu, na huishi siku 120 hivi kwa akiba ya protini iliyotengenezwa kabla.

Utafsiri nao una breki yake. Himoglobini inahitaji madini ya chuma ili kutengeneza himu, sehemu inayoshika oksijeni. Chuma kikipungua, himu hupungua, na kimeng'enya kimoja cha seli changa hugundua upungufu huo na kuzisimamisha ribosomu. Bila breki hiyo seli ingejaa minyororo mitupu isiyo na kazi. Ndiyo maana mtu mwenye upungufu wa chuma huwa na seli nyekundu ndogo na zenye rangi iliyopauka: jeni zake ni nzima, RNA zipo, lakini seli imekataa kuzisoma zote.

Idadi ya seli zenyewe hutawaliwa kutoka kwenye figo. Oksijeni ikipungua, protini dhibiti iitwayo HIF, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara tu inapotengenezwa, haivunjwi tena. Huingia kwenye kiini na kuwasha jeni ya homoni ya erithropoietini, na homoni hiyo huuamuru uboho uongeze seli nyekundu. Wakimbiaji wanaofanya mazoezi Iten, nchini Kenya, penye mwinuko wa mita 2,400 hivi, hunufaika na swichi hiyo. Ugunduzi wake uliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

## Badiliko baada ya kuzaliwa

Himoglobini ya tumboni, yenye minyororo ya gama, hushika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ile ya mtu mzima. Kwa njia hiyo mtoto hupokea oksijeni kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma, ingawa damu hizo mbili hazichanganyiki. Mtoto anapozaliwa, zaidi ya nusu ya himoglobini yake bado ni ya aina hiyo. Hupungua mwezi kwa mwezi, na kwa watu wazima wengi hubaki chini ya asilimia 1 au 2.

Anayezima jeni za gama alijulikana kwa kuchelewa. Kati ya miaka 2007 na 2008, wachunguzi waliolinganisha jenomu za watu wenye himoglobini nyingi ya tumboni na za watu wengine, wakiwemo wakazi wa kisiwa cha Sardinia, walikuta tofauti kwenye jeni iitwayo BCL11A, iliyo kwenye kromosomu namba 2. Mwaka 2008 kundi la Stuart Orkin, huko Boston, lilionyesha kwamba protini ya BCL11A ndiyo inayozikandamiza jeni za gama. Ikipunguzwa, gama huwaka tena, hata katika seli za mtu mzima.

Mwaka 2013 ilibainika kwamba tofauti hizo haziko kwenye maelekezo ya protini yenyewe. Ziko kwenye kipande kidogo cha DNA kinachoongeza nguvu ya BCL11A katika seli za damu nyekundu tu. Jambo hilo lina maana kubwa kwa tiba, kwa sababu BCL11A inahitajika pia katika ubongo na katika seli nyeupe. Kuiharibu jeni nzima kungekuwa hatari, ila kukiharibu kipande hicho huizima mahali pamoja tu.

## Selimundu

Selimundu husababishwa na badiliko la herufi moja katika jeni ya beta, ambalo huweka asidi amino ya valini mahali pa glutamati. Himoglobini ya namna hiyo inapopoteza oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu, na seli huchukua umbo la mundu, ikiziba mishipa midogo. Seli nyekundu za mgonjwa huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120.

Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson, wa New York, aliona kwamba damu ya watoto wachanga wenye ugonjwa huu ilikuwa na seli chache sana zenye umbo la mundu, akahisi kwamba himoglobini ya tumboni inawakinga. Alihisi sawa. Mnyororo wa gama ukiwa kati ya mingine huzuia nyuzi zisijengeke.

Sababu ya jeni yenye madhara kuwa nyingi kiasi hicho iligunduliwa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 na kuona kwamba wenye jeni ya selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mwenye jeni moja tu hukingwa dhidi ya malaria. Nchini Uganda jeni hiyo ilikuwa tayari imeripotiwa kwa wingi mkubwa miongoni mwa Waamba wa Bwamba.

Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Hukadiriwa kwamba watoto 11,000 au zaidi huzaliwa na selimundu kila mwaka. Kanda ya Ziwa, yenye malaria nyingi, imeathirika sana. Watafiti wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, walitumia matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo yalikuwa yamekusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na jeni moja ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba kwa maumivu, katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza. Badiliko la jeni huleta pia mtego wa vipimo. Kipimo rahisi cha kuangalia kama seli zinageuka mundu kinaweza kuonyesha kwamba mtoto mchanga hana ugonjwa, kwa kuwa damu yake bado imejaa himoglobini ya tumboni. Kwa watoto walio chini ya miezi sita hutakiwa vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini, au vile vya haraka vinavyotumia kingamwili. Majibu yakipatikana mapema, mtoto huanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi kabla wengu wake haujaharibika.

## Tofauti kati ya wagonjwa

Wagonjwa wawili wenye kosa lilelile la herufi moja hawaugui sawa. Mmoja hulazwa kila baada ya miezi michache, mwingine hufika utu uzima bila kuongezewa damu. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na kiasi cha himoglobini ya tumboni kilichobaki.

Jeni ya selimundu imezungukwa na aina mbalimbali za DNA jirani, na kila aina hupewa jina la eneo inakopatikana zaidi. Aina ya Kibantu, iliyoenea Afrika Mashariki na ya Kati, huendana na himoglobini ndogo ya tumboni na ugonjwa mkali. Aina ya Kiarabu na Kihindi, ya mashariki mwa Bara Arabu na India, huendana na kiasi kikubwa zaidi. Nchini Oman zote mbili hupatikana, pamoja na aina ya Benin ya Afrika Magharibi, na wataalamu huzihusisha na safari na biashara za karne nyingi za Bahari ya Hindi.

Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kundi la Julie Makani limefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004. Mwaka 2011 kundi hilo lilichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, na mwaka 2014 uchunguzi wa jenomu nzima wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Tanzania. Matokeo yalithibitisha kwamba tofauti kwenye BCL11A, na nyingine karibu na jeni ya MYB kwenye kromosomu namba 6, huongeza au kupunguza himoglobini ya tumboni kwa Watanzania pia.

## Tiba zinazorudisha jeni ya tumboni

Haidroksiurea ni dawa ya kumeza iliyotumika kwanza kwa saratani. Katika selimundu huongeza himoglobini ya tumboni, na ilikubaliwa nchini Marekani kwa watu wazima mwaka 1998. Kwa muda mrefu kulikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria dawa hii ingewadhuru watoto, kwa kuwa hupunguza pia seli nyeupe. Jaribio la REACH, lililofanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600, lilitoa matokeo mwaka 2019: maumivu, kuongezewa damu na vifo vilipungua, na malaria nayo ilipungua badala ya kuongezeka. Kikwazo kilichobaki ni upatikanaji na gharama ya dawa, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara, ambavyo kwa familia iliyo mbali na hospitali ya rufaa ni safari ya siku nzima au zaidi.

Tiba ya pili hugusa DNA yenyewe. Seli shina za uboho hutolewa mwilini, kipande kinachoiongezea nguvu BCL11A hukatwa kwa mbinu ya CRISPR, kisha seli hurudishwa. Mbinu ya CRISPR iliwapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Tiba hiyo, iitwayo Casgevy, ilikubaliwa Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Haisahihishi kosa la selimundu. Jeni yenye kosa hubaki palepale, ila gama iliyozimwa utotoni huwaka upya na kufunika madhara yake. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wa zamani na hukaa hospitalini wiki kadhaa, jambo linalohitaji vyumba vya pekee na damu ya kutosha.

## Swichi nyingine za jeni katika Afrika Mashariki

Seli nyekundu zina mfano mwingine wa udhibiti uliobadilishwa na malaria. Kimelea cha *Plasmodium vivax* huingia kwenye seli kwa kushika protini iitwayo Duffy. Waafrika wengi kusini mwa Sahara wana badiliko la herufi moja mahali ambapo GATA1 hushikamana na jeni hiyo. Jeni yenyewe ni nzima na hufanya kazi katika seli nyingine za mwili, ila katika seli nyekundu haiwaki kamwe. Hii ndiyo sababu kuu ya malaria ya vivax kuwa adimu katika sehemu kubwa ya Tanzania na Uganda, wakati nchini Ethiopia ni ya kawaida.

Mfano wa tatu uko kwenye utumbo. Karibu mamalia wote wachanga hutengeneza kimeng'enya cha laktasi cha kusaga sukari ya maziwa, na kwa kawaida jeni yake hupunguza kazi baada ya kuachishwa kunyonya. Kwa baadhi ya watu haipungui. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya kuwapima watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, kwa kuwanywesha sukari hiyo na kupima glukosi kwenye damu. Walikuta mabadiliko matatu ya herufi mojamoja, tofauti na lile la Wazungu, yote yakiwa ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, umbali wa herufi 14,000 hivi kutoka mwanzo wa jeni ya laktasi. Lile linaloonekana zaidi Tanzania na Kenya lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka elfu kadhaa, sambamba na kuenea kwa ufugaji wa ng'ombe katika eneo hilo. Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao ni wawindaji na hawafugi, walileta swali gumu kwa nadharia hiyo, kwa kuwa karibu nusu ya waliopimwa waliweza kusaga maziwa.